Tumbo linaniendesha na kesho alfajiri n'na boti ya Pemba: hizi kapsuli za kufunga tumbo ni salama au najifungia ugonjwa ndani?

#1 JangombeYetu
Salaam wadau. Tumbo linaniendesha tokea jana usiku, maji matupu, homa sina, damu sijaona. Kesho asubuhi n'na boti ya kwenda Mkoani kwenye harusi ya binamu yangu na mie ndie nilopewa jukumu la mapishi, siwezi kukosa hata iweje. Shemeji kaniletea kapsuli za loperamidi, zile zenye rangi ya kijani na kijivu, anasema meza mbili basi safari nzima utakaa kimya. Mzee wangu nae kakataa kabisa, anasema ukifunga tumbo unaufungia ugonjwa ndani, uchafu lazima utoke wote. Halafu pale duka la dawa la mtaani nimepewa vidonge vimefungwa kwenye kikaratasi cha daftari, juu kimeandikwa "2x3" basi, jina hakuna, ila kijana kasema ni Flagyl. Sasa hapa nimfate nani? Chanzo nadhani ni urojo nilokula jana magharibi.

#2 Tumbo_Chuma
Urojo usisingiziwe kaka. Mie nakula urojo tokea skuli ya msingi na tumbo halijawahi kulalamika. Umekula nini chengine? Sema kweli, tuko wenyewe hapa.

#3 Dawa_na_Kipimo
Pole. Nauza dawa hapa mjini, duka silitaji. Shemeji na mzee kila mmoja kashika upande wake na wote wana sehemu ya ukweli.

Loperamidi haiui mdudu yoyote. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa utumbo tu, chakula na maji yanapita pole pole na mwili unapata muda wa kuyanyonya. Kwa mtu mzima asiekuwa na homa wala damu kwenye choo, na ana safari kama yako, si kosa kuitumia. Unaanza na mbili (kila moja miligramu 2), halafu moja kila baada ya choo cha maji, na kuna kikomo chake kwa siku. Siku mbili zikipita hakuna nafuu unaacha unakwenda kuonwa.

Ila ukiona damu, makamasi au homa kali, iwache hapo hapo. Kuna bakteria wanaochimba ukuta wa utumbo, hao ukiwazuilia ndani unawapa nafasi ya kufanya wanavotaka. Hapo ndo mzee wako anapokuwa na haki yake. Na cha mwanzo kabisa si kapsuli, cha mwanzo ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakti unaochanganywa na maji.

#4 MpembaHalisi
Shukran lakini kikomo hujakitaja yakhe. Karatasi ya ndani ya pakti yangu inasema zisizidi nane kwa siku.

#5 PajeShifti
Nane?? Mie niko hoteli huku Paje, wageni wakiondoka wanaacha madawa chumbani, n'nayo ya Marekani hapa mkononi imeandikwa nne tu kwa saa 24. Sasa Mmarekani ndo dhaifu kuliko Mpemba au vipi

#6 Dawa_na_Kipimo
Hahaha hakuna alodhaifu. Nane ni miligramu 16, hicho ni kikomo cha mtu alopewa na daktari na anaangaliwa. Nne, yaani miligramu 8, ndo kikomo cha Marekani kwa anaejinunulia mwenyewe dukani, na Uingereza kwa anaejinunulia wameweka sita. JangombeYetu wewe huna daktari anaekuangalia, shika ile ndogo. Na si uoga wa bure, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wanaopitiliza sana kipimo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na mtu akafa. Ukienda na kipimo chake haina neno, ila mtu akiona mbili hazijafunga anatia mbili nyengine papo hapo, kapsuli yenyewe haijaanza hata kufanya kazi.

Na PajeShifti hayo madawa ya wageni tazama tarehe ya kuisha kabla hujagaia watu.

#7 Tumbo_Chuma
Kumbe Paje kuna famasi ya bure. Nakuja wikiendi.

#8 Karafuu_Mbichi
Jamani na mie nidandie uzi. Mwanangu wa mwaka na nusu anaharisha leo siku ya pili, naweza kuifungua hio kapsuli nikampa unga wake kidogo, kama robo hivi? Mama mkwe anasema zamani walikuwa wanapewa na wanapona.

#9 Nesi_Mstaafu
Mwanangu Karafuu_Mbichi usimpe. Usimpe robo, usimpe hata wa kuramba kidoleni. Utumbo wa mtoto mdogo kwa dawa hii unaweza kusimama kabisa, tumbo linavimba, maji yanakusanyika ndani na wewe nje unaona kuharisha kumekatika unafurahi. Nimewahi kumpokea mtoto wa namna hio wodini, mama yake anasema "dawa imemsaidia, tokea asubuhi hajaenda choo", na mtoto tumbo limejaa ukiligonga linalia, macho yameingia ndani, hana nguvu ya kulia. Alipona alhamdulillahi lakini ilikuwa kazi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi dawa za kufunga tumbo hazipewi watoto wanaoharisha, na kule Uingereza hawakuuzii bila ya daktari kama mtoto hajafika miaka 12.

Mpe ORS. Alochini ya miaka miwili ni mililita 50 mpaka 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko, usimtilie chupani akainywa kwa pupa. Akitapika ngoja dakika 10 uanze tena pole pole zaidi. Ziwa lisikatishwe, na chakula apewe hivo hivo, uji, ndizi, wali laini, ile ya kumfungisha mtoto ati tumbo lipumzike haina faida yoyote. Na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, kimoja kinayeyuka kwenye kijiko cha maji safi. Alochini ya miezi sita anapewa nusu yake. Unavimaliza hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu, wengi wanakosea hapo.

Na unitazame haya: kakojoa mara ya mwisho saa ngapi? Akilia machozi yanatoka? Ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi haraka au inabaki imesimama? Kama hakojoi, kalegea, anatapika kila kitu au kuna damu, uzi huu ufunge, mchukue spitali sasa hivi.

#10 Karafuu_Mbichi
Shukran sana mama. Kakojoa saa hizi na machozi anayo, analilia simu. Pakti za ORS n'nazo. Zinki asubuhi naifata.

#11 Mlandege_Dada
Mie niseme tu ukweli hata kama watu watanishambulia, ORS mie naona haifanyi kazi. Nyumbani kwetu kila mtu akiumwa tumbo anapewa hio na kuharisha kunaendelea vile vile, tena mara nyengine choo kinazidi. Flagyl ukimeza kesho yake uko sawa.

#12 Nesi_Mstaafu
Mlandege_Dada hakuna wa kukushambulia, swali lako ndo la watu wengi. ORS haikutengenezwa kufunga choo. Choo kitaendelea na pengine utaona kama kimezidi kwa sababu unaingiza maji mengi. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka. Anaekufa kwa kuharisha hafi kwa sababu kaenda chooni mara nyingi, anakufa kwa sababu maji na chumvi zimemuishia mwilini. Kwa hio ukiipima ORS kwa kuhesabu safari za chooni utaiona haina maana siku zote.

#13 Maalim_Ramani
Naongezea alosema Bi Nesi hapo juu. Mwaka 1971 vita vya kuzaliwa Bangladesh, wakimbizi wamejazana kambi ya Bangaon upande wa India, kipindupindu kimeingia na dripu zimekwisha. Daktari mmoja anaitwa Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari, chumvi na magadi kwenye maji wapewe kwa kikombe, ndugu zao wenyewe ndo wanawanywesha. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa mia mpaka chini ya 4. Huyu daktari kafariki 2022 na watu wengi wanaotumia pakti zake hata jina hawalijui. Siri yenyewe ni kwamba chumvi peke yake utumbo unaoharisha hauipokei vizuri, ikiambatana na sukari ndo inaingia na kuyavuta maji pamoja nayo.

#14 Tumbo_Chuma
Maalim leo umeanza na Bangladesh, kesho utatufikisha vita vya Uhud. Haya tuendelee.

#15 JangombeYetu
Haya kapsuli nimeelewa. ORS nyumbani hamna na saa hizi maduka yashafungwa. Naweza kujitengenezea?

#16 ChukwaniKwetu
Rahisi sana. Maji lita moja ya kuchemsha yalopoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi kijiko kimoja. Koroga.

#17 Dawa_na_Kipimo
Chumvi NUSU kijiko cha chai jamani, sio kimoja!! Sukari sita vya kusawazisha (pitisha kisu juu, si vya mlima), chumvi nusu ya kusawazisha, maji lita moja kamili. Chumvi ikizidi mtoto anaweza kupata degedege. Uonje, ukiona ya chumvi kuliko machozi mwaga uanze upya. Na ikishapita saa 24 mwaga vile vile.

Pakti za dukani nazo msome zimeandikwa za maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja lakini zipo za nusu lita na za mililita 200. Nawaona watu wanamimina pakti ya lita moja kwenye glasi ile ya kunywia sharbati wanasema "nataka ikamate". Inakamata kweli, lakini vibaya.

#18 ChukwaniKwetu
Sisi tumelelewa na kijiko kimoja na tuko hai. Pengine vijiko vyetu vilikuwa vidogo.

#19 BwanaNyavu
Mambo ya kupima na visu ya nini, dafu lipo. Kata dafu, kunywa, kata jengine. Baharini tunakwenda na madafu na hakuna anaebeba pakti.

#20 Dawa_na_Kipimo
BwanaNyavu dafu si baya, lina potasiamu nyingi na maji yake yako salama ndani ya ganda. Ila sodiamu yake ndogo sana, na sodiamu ndo inayotoka kwa wingi ukiharisha. Kuharisha kwa kawaida kunywa dafu, kula na wali wenye chumvi, mchuzi, supu, utakuwa sawa. Kuharisha kwa maji mengi mfululizo dafu peke yake halitoshi.

#21 MpembaHalisi
Na soda? Huku kwetu mtu akiharisha anapewa soda nyeusi ilotolewa gesi.

#22 Dawa_na_Kipimo
Soda hapana. ORS lita moja ina glukosi gramu 13.5, soda lita moja sukari yake inapita gramu 100. Sukari nyingi hivo inayavuta maji kuyaingiza kwenye utumbo badala ya kuyatoa, unazidi kuharisha. Juisi ya miwa vile vile, na ile ya barabarani barafu yake ndo hujui imetoka wapi.

#23 Sukari_Presha
Hapo kwenye sukari ndo pangu. Mama yangu ana kisukari na presha, anaogopa ORS kwa sababu ni tamu. Wiki ilopita aliharisha, akawa anameza vidonge vyake vyote kama kawaida na maji hanywi, akaanguka bafuni.

#24 Nesi_Mstaafu
Pole sana. Mwenye kisukari ORS anakunywa, hizo gramu umeziona hapo #22 ni kidogo, anapima sukari yake mara kwa mara basi. Kubwa hapo ni vile vidonge. Kuna vya presha vinavyokojoza, na vyengine vya presha ambavyo mwili ukikaukiwa maji vinaumiza figo, na metiformini, ile ya kisukari, nayo haitaki mtu alokaukiwa. Siwezi kukwambia acha hiki acha kile bila ya kumuona, lakini siku ya kuharisha sana mpigie daktari wake au mpeleke umuulize kipi kisimame kwa siku mbili tatu. Wengi wanaoanguka bafuni si kuharisha peke yake, ni kuharisha juu ya kidonge cha kukojoza.

#25 Mlandege_Dada
Tumeikimbia Flagyl. Mbona hamjaijibu? Mie inanisaidia.

#26 Dawa_na_Kipimo
Sijaikimbia. Flagyl (metronidazoli) ni dawa nzuri kwa amiba na jiadia (vijidudu vya utumboni), na bakteria fulani fulani. Kwa virusi haifanyi kitu. Kuharisha kwingi kwa ghafla kwa maji matupu kunakwisha wenyewe siku mbili mpaka tatu hivi, sasa ukimeza Flagyl siku ya pili na ya tatu ukapona, nani kakuponyesha? Wewe utasema Flagyl. Ungekunywa chai ya tangawizi ungesema tangawizi.

Na hio ya kumeza vitatu vinne halafu vilobaki kuweka kwenye droo ndo mbaya kuliko zote. Sipro (siprofloksasini, antibiotiki) ndo usiseme, naona watu wanachanganya Flagyl na sipro siku ya mwanzo tu tumbo liliponguruma. Sipro ukiinywa na maziwa, au na zinki, au na vidonge vya chuma, au vya kiungulia, haiingii mwilini inavotakiwa. Halafu siku unapata homa ya matumbo ya kweli dawa inakataa.

JangombeYetu hicho kikaratasi cha "2x3" rudi nacho kwa alokupa uulize: hii dawa jina lake nini, miligramu ngapi, ya ugonjwa gani. Akishindwa kujibu usimeze. Una haki ya kuona pakti ilotoka, na tarehe.

#27 Mlandege_Dada
Sawa lakini kuna watu na amiba zao za kudumu, kila mwezi. Hao utawaambia wasubiri siku tatu?

#28 Nesi_Mstaafu
Hao waende wakapimwe choo, si kila mwezi Flagyl. Na sikatai, huku kwetu minyoo na amiba zipo. Lakini maabara nazo siku hizi kila anaeingia anatoka na amiba, hilo nalo lina uzi wake.

#29 Tumbo_Chuma
Mie niliambiwa n'na amiba, taifodi na malaria siku moja. Nikauliza hakuna hata kimoja kilobaki?

#30 BwanaNyavu
Turudi kwenye urojo basi maana mtu ameshahukumiwa bila ya kesi. Kala magharibi, usiku kaanza. Inawezekana?

#31 Maalim_Ramani
Inawezekana kama ni sumu ya bakteria ilokwishatengenezwa ndani ya chakula, hio inakuja kwa masaa machache, kwa kawaida na kutapika kwingi. Chatne ilokaa juani, viazi vya asubuhi vinauzwa jioni. Lakini virusi vingi vinachukua saa 12 mpaka 48, na kipindupindu kinaweza kuchukua masaa tu au mpaka siku tano. Jiadia wiki nzima au zaidi. Kwa hio mara nyingi tunalaumu chakula cha mwisho na mkosaji ni wa juzi.

#32 ChukwaniKwetu
Mie nasema ni maji. Mvua za masika zikishapiga visima vya mtaani vinaingiliwa na makaro, kila mwaka hadithi ni hio hio. Watu wanachemsha ya kunywa tu, ya kuoshea kachumbari wanateka kwenye ndoo hivo hivo.

#33 JangombeYetu
Kisima hatunywi. Ila juzi nilikula jodari kwa rafiki, lilikuwa na ukali kidogo mdomoni, nikadhani pilipili.

#34 BwanaNyavu
Eeh hapo sasa umesema! Jodari alokaa bila ya barafu anaota kitu kinaitwa histamini, ukali wa mdomoni ndo dalili yake, na hata ukimpika vipi haitoki. Tena hata nguru. Ila huyo anakuja haraka, dakika chache mpaka saa moja mbili, uso unawaka mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichwa, na tumbo linaendesha. Wewe uso uliwaka?

#35 JangombeYetu
Hapana, uso haukuwaka.

#36 Tumbo_Chuma
Kesi ya jodari imefutwa. Urojo arudi kizimbani.

#37 MpembaHalisi
Mnacheka lakini mambo ya bahari si ya kucheka yakhe. Machi 2024 hapa Kisiwa Panza watu walikula nyama ya kasa, 9 wakafariki, 8 kati yao watoto, Mwenyezi Mungu awarehemu. Ile si sumu ya kupikwa ikatoka na haina dawa yake. Kwa hio mtu akiharisha na kutapika baada ya kitu cha baharini, akasikia ganzi mdomoni, au kooni panaungua, au kichwa kizito, hapo si mahali pa kapsuli wala Flagyl. Spitali.

#38 Nesi_Mstaafu
Amin. Na kipindupindu nacho msikisahau, maana kikianza kinaanza kama alivoandika huyu kijana, maji matupu, homa hamna. Mulioko mjini 2015 na 2016 munakumbuka, mpaka skuli zilifungwa na juisi za barabarani zikapigwa marufuku. Choo kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele na kinatoka kwa kumiminika, mtu mzima anaweza kuishiwa kwa masaa. Hapo kapsuli ya kufunga si dawa, maji yatabaki yamekaa kwenye utumbo wewe huyaoni na mwili unaendelea kukauka. JangombeYetu mwanangu nijibu, choo chako ni cha namna gani na umekwenda mara nyingi kiasi gani tokea asubuhi?

#39 JangombeYetu
Si kama maji ya mchele Bi Nesi, kina rangi ya kawaida, chepesi tu. Asubuhi kilikuwa kingi, tokea alasiri kimepungua. Nakojoa. Sukari na chumvi nimepima kwa kisu kama nilivoambiwa, niko jagi la pili.

#40 Nesi_Mstaafu
Sawa. Endelea hivo. Kapsuli usimeze usiku huu, asubuhi ukiamka bado linaendesha na huna homa wala damu, meza mbili kabla ya kutoka, na chupa yako ya ORS uipande nayo botini. Na ukifika huko mapishi waachie wengine. Anaeharisha hapikii harusi, utawaharisha wageni mia tatu.

#41 Tumbo_Chuma
Hii ndo point ya uzi mzima!! Mpishi wa harusi anaendesha na anauliza boti.

#42 JangombeYetu
Dah. Hilo sikulifikiria. Basi nitasimamia kwa mdomo tu, sufuria siigusi.

#43 MpembaHalisi
Harusi yenyewe iko wapi nisije nikawa nimealikwa

#44 Bibi_wa_Kiungani
Wajukuu hamjambo. Naona madawa tu ya kizungu. Sisi tulichemsha majani ya mpera machanga, au maganda ya komamanga yalokaushwa, unakunywa kikombe asubuhi na jioni, tumbo linakamata.

#45 Dawa_na_Kipimo
Hatujambo bibi, shikamoo. Majani ya mpera yana ule ukakasi wa kukausha, na wapo waloyafanyia utafiti wakaona yanasaidia kidogo kupunguza choo. Kwa mtu mzima sikatazi, ilimradi maji yake yamechemka na ORS inaendelea. Mtoto mchanga tu ndo naomba asipewe.

#46 Bibi_wa_Kiungani
Marhaba. Mchanga tulikuwa hatumpi, tuna akili zetu.

#47 PajeShifti
Suala jengine. Mwezi wa Ramadhani mtu akiharisha anaweza kumeza mbili kwenye daku ili afunge vizuri? Namjua mtu anafanya.

#48 Ustadhi_wa_Mtaa
Mgonjwa kapewa ruhusa na Qur'ani yenyewe, Sura ya Baqara aya ya 184, ale na atalipa siku nyengine. Sioni sababu ya mtu kumeza dawa ili aikimbie ruhusa alopewa na Mola wake.

#49 PajeShifti
Ustadhi lakini yeye anasema ugonjwa mdogo.

#50 Ustadhi_wa_Mtaa
Mdogo mkubwa amuulize daktari. Mie sipimi choo.

#51 Mlandege_Dada
Na wanawake, wale wanaotumia vidonge vya uzazi vya kila siku, ukiharisha sana zaidi ya siku nzima kidonge huenda hakikuingia. Dada yangu alipata mtoto hivo, anamwita zawadi ya tumbo.

#52 Nesi_Mstaafu
Kweli kabisa. Kuharisha kukali au kutapika kulopita saa 24 ihesabu siku hio kama umesahau kidonge, na mtumie kinga nyengine mpaka umemeza siku saba mfululizo tumbo likiwa sawa. Makaa nayo vile vile, vile vidonge vyeusi, vinanyonya kila kitu pamoja na dawa zako nyengine. Usivimeze wakati mmoja.

#53 Karafuu_Mbichi
Asubuhi njema. Mtoto kalala vizuri, kaenda choo mara moja tu. Zinki nimepata ila anaitema, anasema "bee".

#54 Nesi_Mstaafu
Alhamdulillahi. Iyeyushe kwenye maziwa yako ukamue kwenye kijiko, au umpe na maji ya sukari kidogo. Akitapika chini ya nusu saa mrudishie.

#55 Maalim_Ramani
Na hio zinki kuna utafiti ulotoka 2020, ulifanyika India na Dar es Salaam, wakaona miligramu 5 au 10 zinafanya kazi karibu sawa na 20 kwa watoto na kutapika kunapungua. Kwa hio kutema kwake kuna sababu.

#56 Dawa_na_Kipimo
Maalim ni kweli utafiti upo, lakini tufate kipimo kilichoandikwa kwenye mwongozo tulonao na alichopewa kituoni. Tusianze kukata vidonge kila mtu kwa utafiti alosoma.

#57 Maalim_Ramani
Sijasema wakate. Nimesema upo.

#58 Sukari_Presha
Na mtu mzima, zinki inamfaa? Mama anataka.

#59 Dawa_na_Kipimo
Mwongozo ni wa watoto. Mtu mzima haitamdhuru kwa siku chache lakini pesa yake bora anunulie ORS.

#60 ChukwaniKwetu
Mie sikubaliani, n'naijua familia nzima walotumia wakubwa kwa wadogo na walipona siku moja.

#61 Tumbo_Chuma
Rudi #26 usome ile ya tangawizi.

#62 Bibi_wa_Kiungani
N'na pakti za ORS zilobaki kabatini tokea mwaka juzi, zimeganda. Nitazame nini?

#63 Dawa_na_Kipimo
Tazama tarehe kwanza bibi. Kama haijapita, unga bado mweupe, umeganda tu na unayeyuka wote kwenye maji, unafaa. Ukiwa umegeuka rangi au umekuwa kama asali, tupa.

#64 Bibi_wa_Kiungani
Umekuwa rangi ya chai ya maziwa.

#65 Dawa_na_Kipimo
Tupa bibi.

#66 Bibi_wa_Kiungani
Zote?